Mazungumzo ya Njiani: Kupanda na Kushuka Kidichi kwa Baisikeli



Mwezi huu nataka kunena na walimu, na wazazi walio na vijana nyumbani, habari za safari ya baisikeli. Wengi husema ya kuwa Unguja hapana vilima. Asemaye hivyo, yakini hajapata kutoka Bububu kwenda Kizimbani juu ya baisikeli isiyo na gia. Mtu wa Usambara atatucheka, maana kwao njia ya kutoka Mombo hata Lushoto hupanda karibu mita 1,000, na ukingo wetu wa Masingini, ulio juu kupita mahali pote pa Unguja, haufiki mita 150. Lakini miguu haijui hesabu hizo. Yajua tu ya kuwa sasa ni mlima.

Kisiwa chetu kina pande mbili. Upande wa mashariki ni maweni, nchi tambarare yenye udongo haba. Upande wa magharibi na katikati ndiko kwenye mashamba, na huko njia hupanda na kushuka katikati ya minazi, mikarafuu, mihogo na mabonde ya mpunga. Mpanda baisikeli apendaye vilima na aende huko.

Basi tuondoke Mkunazini baada ya sala ya asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kanisa letu Kuu, kama mjuavyo, limesimama penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka uo huo. Mliweke neno hili moyoni, maana tutalihitaji tukifika juu. Twapita Darajani, kisha twafuata barabara ya kaskazini: Maruhubi, Mtoni, Kibweni, hata Bububu. Ni yapata kilomita 10, na mtu asiye na haraka huzimaliza kwa muda wa saa moja. Barabara ni ya lami, nayo ina daladala nyingi. Basi tushike kushoto, tufuatane mmoja nyuma ya mwingine. Wakati wa kusi, upepo hutusukuma tukienda na hutupinga tukirudi; kwa hiyo mtu asitumie nguvu zake zote asubuhi akidhani amekuwa hodari.

Huko Mtoni, pwani, ni magofu ya jumba la Seyyid Said, alimozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, yule aliyebatizwa Aden mwaka 1867. Na kutoka mjini hata Bububu palikuwa na reli, yapata maili 7, iliyojengwa na Wamarekani mwaka 1905. Sasa haipo tena. Wako wasemao ya kuwa jina la Bububu latokana na sauti ya gari la moshi. Sivyo, maana Sayyida Salme alikaa Bububu zamani, kabla reli haijafikiriwa. Wengine husema ni sauti ya maji ya chemchemi, na chemchemi ziko kweli.

Bububu twaiacha barabara kuu, twageuka kulia, na mara kilima chaanza. Nawapa walimu shauri moja la kupanda: msiwaache vijana washindane. Kila mmoja na akae kitini, akanyage polepole kwa kipimo kimoja, avute pumzi ndefu. Akichoka, na ashuke aisukume baisikeli yake, hapana aibu. Wanakijiji hufanya vivyo hivyo, hasa wakiwa na mzigo wa nazi nyuma. Kilomita chache tu, tumefika Kidichi, na mbele kidogo ni Kizimbani.

Kidichi kuna hamamu aliyoijenga Seyyid Said, kama mwaka 1850, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Kuta zake zina nakshi za maua na ndege, na watu huja kuzitazama. Lakini mimi huwaambia wanafunzi wangu watazame pia kilima chenyewe. Mikarafuu si miti ya asili ya nchi hii. Ililetwa kutoka ng'ambo, na katika zama za Seyyid Said vilima hivi vilijaa mashamba yake. Ni nani waliofyeka msitu, wakachimba mashimo, wakachuma na kuanika? Walikuwa watumwa. Watu waliouzwa mjini, huko huko tulikotoka asubuhi, wengi wao waliletwa juu huku kwa miguu. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini utumwa haukuanguka kwa upepo. Sheria ya kuuondoa haikuja mpaka mwaka 1897. Wazee wetu wa kwanza katika imani, wale waliowekwa huru wakapewa makao Mbweni kwenye shamba lililonunuliwa na Misioni mwaka 1871, walitoka katika shida iyo hiyo.

Basi kilima hiki kimekwisha kunywa jasho la watu wasiokuwa na hiari. Haifai Mkristo amwumize mtu juu yake kwa ajili ya furaha yake mwenyewe. Na sasa lazima niungame, maana mimi nalifanya hivyo.

Nalikwenda Kizimbani kumtazama mgonjwa, na wakati wa kurudi naliona raha ya mteremko. Mipira ya breki ilikuwa imelika, nami nalijua tangu wiki iliyopita. Nalisema moyoni, nitanunua mwisho wa mwezi. Nikaiachia baisikeli. Kwenye kona bibi mmoja mzee alikuwa akivuka na kapu la mihogo kichwani. Nalikaza breki, haikushika. Nalipiga kengele, naye hakuwa na pa kukimbilia. Mkono wa usukani ulimpiga, akaanguka, na mihogo ikatawanyika njiani.

Wapenzi, nawaambia kweli: wazo langu la kwanza lilikuwa kukimbia. Njia ilikuwa tupu, na mteremko ulikuwa bado wanivuta. Nashukuru Mungu ya kuwa nalisimama. Nikarudi, nikamwinua, nikasema, "Shikamoo bibi, nisamehe, kosa ni langu." Goti lake lilikuwa likitoka damu. Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," kwanza salamu, kabla ya kulalamika. Nikamchukua mpaka kwake. Watu wa nyumba ile ni Waislamu. Hawakunitukana, bali walinipa maji ninawe mikono na maji ninywe. Naliwalipa mihogo, na kila Jumamosi nalipanda tena kumtazama hata goti likapona. Siku ya mwisho aliniambia, "Mwanangu, wewe ukipanda twakuona, twakuonea huruma. Ukishuka, hutuoni."

Neno lile limekaa nami. Mtu apandaye kilima huumia peke yake. Mtu ashukaye ovyo huumiza wengine, tena bila kutaabika mwenyewe. Na naona si katika baisikeli tu. Mwalimu aliyepandishwa cheo, kijana aliyepata mshahara wa kwanza, baba ambaye shida zake zimepungua, kila mmoja wao alijiangalia sana wakati wa kupanda; sasa njia yamvuta yenyewe, na walio chini hawaoni tena. Bwana wetu alipotaka kutufundisha ni nani aliye jirani, alisimulia habari za mtu aliyekuwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, mteremko wa zaidi ya mita 1,000 katika safari isiyofika kilomita 30. Kuhani naye alikuwa akishuka njia ile ile, akapita kando. Swali la njiani ni hili tu: utasimama, au utapita?

Sasa shauri la kushuka, ambalo nawaomba walimu wawafundishe watoto kabla ya safari, uwanjani penu:

1. Jioni ya kuamkia safari tazameni breki mbili, mipira yake, mnyororo na upepo wa magurudumu. Breki iliyolika haingoji mwisho wa mwezi.

2. Juu ya kilima simameni wote. Jaribuni breki kabla ya kuanza kushuka. Usingoje kona ikufundishe.

3. Shikeni breki zote mbili kwa upole tangu mwanzo, mkiachia na kushika tena. Breki ya mbele ikikazwa ghafula humrusha mtu juu ya usukani. Mvua ikiwa imenyesha, chuma cha gurudumu huteleza na breki hukawia kushika. Basi shukeni polepole zaidi, au shukeni kwa miguu.

4. Fanyeni hesabu hii ubaoni. Baisikeli iendayo kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 kwa sekunde moja. Na mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ihitajiwayo kwa breki kuisimamisha huzidi mara nne. Mtoto aliyefanya hesabu hiyo mwenyewe atakumbuka kuliko aliyekemewa.

5. Penye nyumba, shule, msikiti au kisima, mwendo uwe wa mtu atembeaye. Pigeni kengele mapema, nanyi mwamkie kila mtu. Mtu aliyeamkiwa amekwisha kuonwa.

6. Vaeni nguo za heshima, na katika mwezi wa Ramadhani msinywe maji mbele ya watu waliofunga. Sisi ni wageni katika vijiji vyao, na mwenendo wetu njiani watu huusoma kabla hawajatusikia tukihubiri.

Nawaombea walimu wawapeleke vijana wao Kidichi katika likizo ijayo. Na wapande kwa jasho lao, wajue ni jasho la nani lililotangulia, kisha washuke polepole. Nami nikiwakuta njiani mkisukuma baisikeli zenu, sitawacheka. Nitashuka nisukume pamoja nanyi.

Mungu awalinde katika kutoka kwenu na kurudi kwenu. Kwaherini hata mwezi ujao.