Heda za Subaru: mnanunua nguvu au kelele?

Mabishano ya wiki hii hapa hosteli yamenichosha kuliko hata maandalizi ya TP. Kila jioni ni Subaru, Subaru, Subaru. Swali lenyewe eti mtu anaweza kujifungia heda nyumbani bila kwenda gereji? Jamani, anaweza. Kwetu Katonga, Kigoma, binamu yangu alifungua manifodi ya Impreza yake chini ya mwembe, siku mbili kazi imekwisha. Mimi ninachotaka kujua ni heda gani unafunga, na unamfungia nani.

Kwa wenzangu wasiojua magari: manifodi ya ekzosi ndiyo inayopokea moshi ukitoka kwenye silinda na kuupeleka kwenye bomba. Ya kiwandani mara nyingi ni chuma kizito cha kumimina. Heda ni manifodi ya kununua, mabomba yaliyokunjwa na kuchomelewa ili moshi upite kirahisi. Silinda ikitema moshi, lile pigo linakimbia kwenye bomba na kuacha mvuto nyuma yake. Mvuto ukifika kwa wakati, unaisaidia silinda inayofuata kutoa wa kwake. Yaani ni mawimbi yale yale ya Form Four tuliyokariri kwa ajili ya mtihani. Nikipangiwa shule ya kufundisha Fizikia nitaingia darasani na kipande cha ekzosi, mtaniambia.

Sasa Subaru. Injini yake ya EJ ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4. Namba 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande wa pili. Kwa hiyo upande mmoja unapiga mara mbili mfululizo, kisha upande wa pili nao mara mbili. Mabomba ya pande hizo yakiwa na urefu tofauti, mapigo yanafika kwenye turbo kwa vipindi visivyolingana. Ndiyo ule mngurumo wa budu-budu-budu unaowatoa watu udenda. Chukua mtumbwi wenye wapiga kasia wanne, wawili wawe wanachelewa kila mara. Utasikia maji yakipigwa sana, lakini safari yenyewe utaiona.

Kinachonichekesha ni kwamba Subaru wenyewe walishaushughulikia huo mlio. Legacy za turbo za soko la Japani kuanzia 2003 zilitoka na mabomba ya urefu sawa, na mngurumo ukapotea. Magari yetu mengi yanatoka huko huko Japani yakiwa yameshatumika. Basi kijana anaagiza gari ambalo limeshatibiwa, anahangaika kutafuta heda ya urefu tofauti, analirudishia ugonjwa. Turbo inachelewa kuamka, mvuto wa chini unapungua, na yeye anakuapia kuwa gari limeongezeka nguvu! Kaka, umeongeza sauti. Tena kwenye gari la turbo hata heda nzuri, bila kurekebisha kompyuta ya gari, haikupi maajabu.

Nakubali mlio huo una heshima yake. Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997 na Impreza, Richard Burns naye akashinda na Impreza mwaka 2000. Kaka zetu waliupenda, na sisi tukaurithi. Ila McRae alikuwa anakata mbuga, hakuwa anapita Katonga saa nne asubuhi.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Katonga ni mwalo. Usiku wa giza watu wako ziwani na taa, wanatafuta dagaa. Wanarudi alfajiri, samaki washushwe, waanikwe, hesabu zifanywe, ndipo mtu anaweka ubavu chini jua likiwa limeshapanda. Mapumziko ya maana ni mbalamwezi ikiwa kubwa. Kwa hiyo ule utetezi wa mjini kwamba "napiga kelele mchana tu" kwetu haufanyi kazi, maana mchana ndiyo usiku wetu. Mjomba wangu ni mvuvi. Mtu ambaye hajalala anarudi tena usiku kwenye maji ya Tanganyika, na upepo wa lile ziwa hauna simile. Kanuni za kudhibiti kelele nchini zipo tangu 2015, lakini mimi sidhani jambo la jirani na jirani lisubiri askari.

Binamu alifunga za urefu sawa. Vijana wa kijiweni walimcheka sana, eti gari limekuwa kama Corolla. Yeye anapanda kilima kwa gia ya tatu, wao wacheke tu.

Haya, kwa watakaofanya nyumbani. Nati za manifodi zimeoka miaka, zikatae usiku kucha kwenye mafuta ya kulegezea kutu kabla hujagusa spana. Stadi ikikatikia kwenye hedi ya aluminiamu, hiyo kazi siyo yako tena. Manifodi ya Subaru iko chini ya injini, kwa hiyo utalala chini ya gari. Jeki peke yake haitoshi, wala mawe na matofali sitaki kusikia, weka stendi za chuma. Gasketi nunua mpya. Sensa ya oksijeni itoe taratibu, nyaya zake usizivute. Upepo ukivuja kabla ya sensa, kompyuta inadhani mafuta ni kidogo, inaongeza, na petroli ya Kigoma mnajua huwa ghali kuliko ya Dar. Moshi wenyewe una hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu na inaua, kwa hiyo usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa.

Ukishawasha mara ya kwanza ikapata moto, izime, iache ipoe kabisa, halafu pitia nati zote tena, zitakuwa zimelegea kidogo. Na hiyo mara ya kwanza, kama uko upande wetu, tafadhali iwe saa kumi jioni. Wavuvi watakuwa wameshaamka.