Kalat, Ngome ya Wabrahui

Magharibi ya Pakistan, katika jimbo la Baluchistan, uko mji wa Kalat, juu ya milima, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome. Kaskazini yake ni Sarawan, kusini yake ni Jhalawan, nazo zote mbili ni makao ya Wabrahui.

Watu hawa ni Waislamu, na kwa kawaida huhesabiwa pamoja na Mabulushi. Lakini lugha yao ni ya ajabu. Kibulushi ni jamaa ya Kiajemi, hali Kibrahui ni jamaa ya Kitamil, kisemwacho kusini kabisa mwa Bara Hindi. Wataalamu wengine hudai kwamba Wabrahui ni mabaki ya wenyeji wa kale, wengine kwamba walihama kutoka kusini. Sensa ya mwaka 2023 ilipata wasemaji zaidi ya milioni 2 na nusu. Hata hivyo, wengi wao husema Kibulushi pia, na ziko koo zilizokwisha kuiacha lugha ya mababu. Kwa lugha isiyo na ndugu wa karibu, hasara hiyo si ndogo. Mabondeni wamo pia Wadehwar, wakulima wasemao Kiajemi, na wafanya biashara wa Kihindu.

Utawala wa Khan wa Kalat ulianza mwaka 1666 chini ya Mir Ahmad Khan. Mwaka 1740 Nadir Shah wa Uajemi aliwapa nchi tambarare ya Kachhi iwe dia ya Khan wao, Mir Abdullah, aliyeuawa vitani na watawala wa Sindh. Tangu hapo wafugaji wa milimani walikuwa na mahali pao pa kukimbilia baridi.

Aliyevuma kuliko wote ni Nasir Khan wa Kwanza, aliyetawala tangu 1749 hadi 1794. Yeye hakutegemea askari wa mshahara. Kila kabila lilitoa watu kwa kadiri ya ukubwa wake. Katika miaka ya 1780 alimpokea Sultan bin Ahmad, mwana wa ufalme wa Oman aliyekimbia kwao, akampa bandari ya Gwadar. Kama alipewa iwe milki yake daima, au ale mapato yake tu, neno hilo lilibishaniwa baadaye kwa miaka mingi. Kutoka pwani hiyo ya Makran watawala wa Oman walipata askari Mabulushi, ambao baadhi yao walivushwa hadi Unguja na Mombasa, wakalinda Ngome ya Yesu.

Waingereza waliuteka Kalat tarehe 13 Novemba 1839, na Mehrab Khan akafa akipigana. Dola hiyo ilitiwa katika Pakistan mwaka 1948, ikafutwa mwaka 1955. Gwadar yenyewe ilibaki mikononi mwa Oman hadi mwaka 1958, Pakistan ilipoinunua.