Jalada la Shauri si Mali ya Karani

Wanachama wenzetu, mara nyingi katika kurasa hizi twasoma khabari za mishahara, nyumba na likizo, na ni haki yetu kuyasema hayo. Leo twaomba nafasi tuseme jambo ambalo hatuidai Serikali, bali watu watudai sisi makarani. Ni khabari ya mashauri ya nyumba, yaani ndoa, talaka, matunzo ya watoto na mirathi, katika Mahakama za Mwanzo zilizo mbali na miji: jinsi watu wa vijijini wanavyoyafungua, na jinsi wanavyoziona karatasi zake baadaye, au wasivyoziona.

Maoni yetu ni haya. Kila mwenye shauri yampasa aondoke mahakamani siku ya kwanza akiwa na namba ya shauri lake mkononi, imeandikwa; na siku yo yote atakayorudi aonyeshwe jalada lake pasipo kubembeleza. Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikiwa makala. Tutaeleza kwa nini sivyo.

Kwanza tukumbuke kazi yenyewe. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 yaipa Mahakama ya Mwanzo uwezo wa kusikiliza mirathi pale ambapo sheria ya mila au sheria ya Kiislamu ndiyo ihusikayo; mirathi nyingine hupelekwa mahakama za juu yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo yaipa mahakama hiyo hiyo uwezo wa kusikiliza mashauri ya ndoa, pamoja na Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Lugha ya Mahakama ya Mwanzo ni Kiswahili. Wala mtu halazimiki kujua kuandika, maana ombi laweza kuletwa kwa maneno ya kinywa likaandikwa hapo mahakamani. Tena kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama hizi. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 2021 tu, pale aketipo hakimu mkazi, na hata sasa mawakili wengi wakaa mijini. Basi kwa mtu wa kijijini, wa kwanza kumwonyesha njia ni nani? Ni karani. Akielekezwa vema, haki yake yaanza vema. Akielekezwa vibaya, hata hakimu mwadilifu hatamsaidia, kwa kuwa hatamwona.

Tutwae mfano wa mjane. Mumewe amefariki, ameacha shamba, ng'ombe wachache na kiwanja kwenye kituo cha biashara. Ukoo wakutana, waandika mukhtasari wa kikao, wamchagua ndugu wa marehemu awe msimamizi wa mirathi. Cheti cha kifo chatafutwa, ombi lapelekwa katika mahakama ya mahali alipokuwa akikaa marehemu, tangazo latolewa, na hakimu asipoona pingamizi ampa ndugu yule hati ya usimamizi. Mpaka hapo mambo ni sawa. Lakini wengi wadhani kwamba hati ile ndiyo mwisho wa shauri, na ya kuwa aliyeipata amekuwa mwenye mali. Sivyo. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo zimekuwapo tangu mwaka 1971, nazo zamtaka msimamizi alete mahakamani, katika muda wa miezi 4 tangu apewe hati, orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni ya marehemu katika Fomu Namba 5, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Kisha alete hesabu katika Fomu Namba 6, kwa nyakati zitakazopangwa na mahakama.

Je, ni nani ajuaye kama orodha ile imeletwa? Jalada ndilo lijualo. Mjane akiliona jalada, aweza kusoma kwamba ng'ombe walioandikwa ni watatu na hali walikuwa tisa, akalalamika mapema. Asipoliona, atapata khabari siku mnunuzi atakapokuja kupima kiwanja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Katika mirathi daftari lipo, limeagizwa na sheria. Lakini daftari lililofungiwa kabatini ni sawa na kutokuwa na daftari.

Sasa mjane huyu aja mahakamani. Ametoka kijijini alfajiri, amelipa nauli ya bodaboda kwa fedha aliyouzia kuku. Karani amwuliza, "Mama, namba ya shauri ni ngapi?" Hana, maana hakupewa. "Lilifunguliwa mwezi gani?" Hakumbuki vema. Basi aambiwa, "Njoo wiki ijayo, tutatafuta." Wiki ijayo karani yule yuko likizo, na mwenzake hajui kitu. Mara ya tatu mama haji tena. Katika hayo hakuna mtu aliyemtukana, wala hakuna aliyevunja amri kwa makusudi. Hata hivyo mali ya watoto yapotea. Na yote hayo yangezuiliwa na kikaratasi chenye tarakimu chache.

Tazameni tena khabari ya rufani. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya. Siku 30 ni chache kwa mtu akaaye mbali. Aweza kujua kwamba ameshindwa, lakini apate kueleza kwa nini hakimu amekosea, yampasa asome maneno aliyoyaandika hakimu. Nakala ya hukumu ikikawia kwetu wiki tatu kwa sababu haijapigwa muhuri, sisi tumezila wiki tatu katika muda wake. Kuomba kuongezewa muda kwawezekana, lakini huko ni kufungua ombi jingine, kwa safari nyingine na gharama nyingine.

Katika mashauri ya talaka twaona taabu ya namna nyingine. Sheria ya Ndoa haikubali ombi la talaka kabla ugomvi haujapelekwa kwanza katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo baraza likatoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Zipo sababu chache zinazomwondolea mtu wajibu huo, kama vile mwenzi aliyetoroka asijulikane alipo. Mwanamke aliyepigwa na kufukuzwa aja mahakamani moja kwa moja, asubiri hadi saa nane, ndipo aambiwa arudi akalete hati ya baraza. Angaliambiwa hivyo saa mbili asubuhi, au angalisoma ukutani, asingalipoteza siku. Wengine hukata tamaa hapo, wakarudi katika nyumba waliyoikimbia.

Tusidhani kwamba karatasi za Mahakama ya Mwanzo ni karatasi ndogo. Shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu lilianza katika Mahakama ya Mwanzo, ambako mke alinyimwa sehemu katika nyumba kwa kuwa hakutoa fedha ya kuipata. Shauri lile lilipanda mpaka Mahakama ya Rufani, na mwaka 1983 ikaamuliwa kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi. Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu nyingine zilizoelezwa katika hukumu. Lakini tangu hapo wanawake wengi wamesimama juu ya uamuzi ule. Sasa fikirini kama jalada la mahakama ya chini lingalipotea. Majaji wangalisoma nini?

Twajua yapo majibu ya wenzetu, nayo tutayasikiliza kwa heshima.

Wa kwanza asema: mambo ya nyumba ni siri, na jalada likionyeshwa hovyo wanakijiji watachekana. Ni kweli, nasi hatusemi lionyeshwe kila apitaye. Lakini mdai na mdaiwa, na mrithi aliyetajwa katika mirathi, hao si wapita njia. Jalada ni lao. Siri hulindwa kwa kumwuliza mtu yeye ni nani na kuandika jina lake, wala si kwa kuwafungia nje wenye shauri pamoja na wambeya. Tena yatupasa tuseme kweli: mara nyingi neno "siri" latumiwa na mwenye kuficha uvivu.

Wa pili asema: makarani ni wachache na kazi ni nyingi, karatasi zakosekana, na umeme wakatika. Na hili pia ni kweli, na chama chetu hakitaacha kulisema mbele ya wakubwa. Lakini kuandika namba ya shauri hakuhitaji umeme. Tena karani aliyetoa namba siku ya kwanza hapotezi saa nzima baadaye kupekua kabati. Kazi iliyopangwa vema ndiyo impumzishayo mtu.

Wa tatu hasemi kwa sauti, lakini twamfahamu. Ni yule ambaye jalada "halionekani" mpaka apewe chai. Kwa huyo hatuna maneno mengi. Ada za Serikali leo hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, wala hazipiti katika kiganja cha karani; na sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia rushwa yamhusu karani kama imhusuvyo mkubwa. Chama kisichokubali kuyasema makosa ya watu wake hakitaaminiwa kitakapodai haki za watu wake.

Wako pia wasemao kwamba kompyuta itamaliza taabu hizi. Twafurahi kuona Mahakama ya Tanzania imeweka mfumo wa kompyuta wa kusajili na kusimamia mashauri, na hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zasomwa bure katika tovuti ya TanzLII. Huko Temeke, katika Dar es Salaam, kimewekwa tangu mwaka 2021 kituo cha pamoja cha mashauri ya ndoa na mirathi, ambapo mtu akuta huduma nyingi chini ya paa moja. Ni jambo la kusifiwa. Lakini mjane wetu hatafuti hukumu ya Mahakama Kuu. Atafuta karatasi mbili tatu za shauri lake mwenyewe, naye akaa siku nzima ya safari kutoka mji wo wote. Mashine nayo humwuliza mtu namba. Asiyepewa namba na karani hataweza kuipa mashine.

Basi twaleta mashauri haya manne, ambayo kila karani aweza kuyaanza Jumatatu ijayo kwa ruhusa ya hakimu wake.

Kwanza, kila afunguaye shauri apewe kikaratasi chenye namba ya shauri, jina la mahakama na tarehe ya kurudi. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya aliyefuatana naye.

Pili, ubandikwe ukutani, nje, kwa herufi kubwa, waraka uonyeshao vitu vitakiwavyo kwa kila namna ya shauri: kwa talaka, hati ya baraza; kwa mirathi, cheti cha kifo, mukhtasari wa kikao cha ukoo na fomu yake. Iandikwe pia ada, na ya kuwa hailipwi mkononi.

Tatu, kiwepo kitabu cha kutoa majalada. Jalada litokapo katika kabati, liandikwe limechukuliwa na nani, siku gani, limerudi lini. Hapo neno "halionekani" litakuwa na jina la mtu.

Nne, na hili twaliona kuwa kubwa kuliko yote, karani wa mirathi aweke orodha ya wasimamizi wote na tarehe ambayo miezi 4 ya kila mmoja yatimia. Kila mwezi ampelekee hakimu majina ya wale ambao hawajaleta Fomu Namba 5. Hakimu ndiye mwenye amri ya kuwaita, lakini hawezi kumwita mtu asiyekumbushwa habari zake. Kazi hii haizidi nusu saa kwa mwezi, nayo yaweza kuokoa shamba la yatima.

Haya ndiyo tuliyoyaona. Mwenzetu aliye katika wilaya yenye njia bora zaidi na atuandikie, tujifunze kwake. Na aliye na sababu ya kukataa, naye aiandike tuisome. Lakini katika kungoja majibu tusiache kuandika zile namba, maana kesho asubuhi yuko mama atakayefika mlangoni, na ametoka mbali.