Bendi za Mpakani Nazo Zina Historia

Kila inapotajwa historia ya muziki wa dansi nchini Kenya, kalamu za waandishi hukimbilia Nairobi. Utasoma habari za kumbi kubwa kubwa, za studio, na za santuri zilizouzwa River Road. Moding haitajwi. Malaba na Busia hazitajwi, kana kwamba wanamuziki waliotoka Kongo na Uganda waliteremka kutoka mbinguni wakaangukia moja kwa moja jukwaani Starlight. Mimi nasema hiyo ni dhuluma.

Najua baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu watakunja uso. Sisi watu wa pwani tumelelewa na taarab, tukamsikiliza marehemu Siti binti Saad na marehemu Juma Bhalo, na wazee wetu walitukataza kusogelea mabaa. Walikuwa na haki yao. Simwiti mtu kwenye ulevi. Lakini wengi wa walioimba katika vilabu vile waliimba kwa Kiswahili, lugha yetu, na waliibeba mpaka vijiji ambavyo mashairi ya Mvita na Lamu hayajafika hata leo. Hilo pekee latosha kututegesha sikio.

Chukua ramani, ndugu msomaji. Reli inayotoka Mombasa hupita Nairobi, Nakuru na Eldoret, kisha hufika Malaba na kuvuka kwenda Tororo. Ilifika Kampala mwaka 1931. Barabara kubwa nazo ni mbili, moja ya Malaba na moja ya Busia. Kwa hiyo mwenye gita aliyetaka kutoka Kampala kuja Nairobi kwa gari au kwa treni alikuwa hana budi kupita huku. Na huku kwenyewe mpaka ni mstari wa juzi tu: hadi mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, ndipo Waingereza wakaikata na kuitia upande wa Kenya. Wateso wakabaki huku na huku. Mtu wa Moding ana shangazi yake Tororo, na wakichezewa adeudeu, kile kinubi chao, hakuna anayeuliza pasipoti.

Katika njia hiyo ndipo alipopita Samba Mapangala. Huyu ni mzaliwa wa Matadi, Kongo, aliyeingia Uganda akaanzisha bendi ya Les Kinois mwaka 1975, wakitumbuiza katika vilabu vya Kampala. Uganda ya Idi Amin wakati ule ilikuwa imekauka: sukari adimu, sabuni adimu, watu wanaogopa kutoka usiku. Bendi ya dansi italishwa na nani mahali ambapo watu wanajifungia ndani magharibi ikiingia? Mwaka 1977 vijana wale wakahamia Nairobi. Mwaka 1981 Mapangala akaunda Orchestra Virunga, akaipa jina la milima ya volkano iliyoko mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda, na kibao chake cha Malako kikatia fora Afrika Mashariki nzima. Rumba ya Kinshasa ilikuwa ndefu na ya polepole. Yake ilichangamka mapema, magita yakipokezana kwa kasi, na Kiswahili kikiingia pamoja na Kilingala. Lilikuwa wimbi jipya, na vijana walilitambua mara moja.

Mwaka huo huo wa 1977, aliohama Mapangala, ndio mwaka ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya mpaka 1983. Wale ndugu wa Tanga, kina Wilson na George Kinyonga wa Simba Wanyika, walikuwa wameingia Kenya tangu 1971 na Mombasa inawajua vizuri. Mpaka wa kwao ukafungwa nyuma ya migongo yao. Mpaka wa Malaba ulibaki mlango wa kupenya, ingawa Amin mwaka 1976 alikuwa amedai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali yake, Moding nayo ikiwamo.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo watu hulitaja kwa sauti ya chini. Baridi kali ilikausha mikahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na magunia ya kahawa ya Uganda yakaanza kuvuka kwa magendo. Soko la Chepkube, kaskazini ya Malaba, likawa maarufu mara moja. Fedha zikamwagika katika vijiji ambavyo havijazoea fedha. Na palipo na fedha za ghafla pana baa, na palipo na baa hutafutwa bendi.

Nilipokuwa Moding nilikaa na mzee mmoja aliyepiga gita la besi enzi hizo. Aliniomba nisimtaje, nami nimemheshimu. Klabu yao ilikuwa nyumba ya mabati, jenereta nje, taa mbili ndani. Vyombo vyote vilikuwa vya mwenye klabu: magita, vikuza sauti, dramu, mpaka nyaya. Wanamuziki walikuja na vidole vyao tu. Walilipwa sehemu ya kiingilio baada ya mwenye mali kutoa gharama zake, na gharama hizo alizijua yeye peke yake. Siku walipouliza hesabu waliambiwa waache vyombo waende zao, na bendi ikafa usiku ule ule. Hawakuwahi kurekodi hata santuri moja. Picha hana.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu si cha Moding pekee. Ni ugonjwa wa bendi zetu zote, kubwa kwa ndogo. Mwenye magita ndiye mwenye bendi, na mpigaji hata awe fundi namna gani ni kibarua. Angalia jinsi bendi zilivyokuwa zikigawanyika kila mara: Mangelepa wakitoka kwa Baba Gaston mwaka 1976, Les Wanyika wakitoka Simba Wanyika mwaka 1978. Watu husema ni wivu na fitina. Huenda, lakini mimi ningeuliza kwanza nani alikuwa na vyombo na nani alishika daftari la fedha.

Serikali nayo haikusaidia. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba robo tatu ya muziki wake uwe wa Kenya. Wasikilizaji wakalalamika, na agizo halikudumu. Nia huenda ilikuwa njema, lakini haikumnunulia mpiga besi wa Moding hata waya mmoja wa gita. Wageni nao wakahangaishwa na vibali vya kazi miaka yote ile ya 1980, na kaseti za wizi zikamaliza kilichobaki. Mapangala mwenyewe alihamia Marekani mwaka 1997.

Leo Busia na Malaba zina vituo vya pamoja vya forodha. Kile cha Busia kilifunguliwa na marais wawili mwaka 2018, na malori hupita upesi kuliko zamani. Vizuri. Lakini Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni pia, si barabara na zahanati tu. Kaunti ya Busia haihitaji kujenga jumba la makumbusho. Inahitaji kijana mmoja mwenye kinasa sauti na nauli ya pikipiki, aende Moding, Amukura na Malaba, awakalishe chini waliopiga magita miaka ile, aandike nani aliimba nini, klabu gani, kwa lugha gani, na vyombo vilikuwa vya nani. Nayo KBC, iliyorithi maktaba ya Sauti ya Kenya, ifungue rafu zake kwa watu kama hao bila kuwazungusha. Wazee hawa wameshapita miaka sabini, na yule niliyekaa naye hawezi tena kukunja kidole cha shahada.