Motere ya gari isioshwe mahali watu wanachota maji ya kunywa

Leo tuseme wazi. Kuosha motere ya gari kwa esanse kando ya Ziwa Kivu ni kucheza na moto, na tena ni kutia sumu katika bidoni ya jirani. Desturi hii ikome hapa Goma, na wa kwanza kuikomesha wawe wenye magari.

Tunajua jibu lenye kutolewa kila mara: «Ziwa ni kubwa, mafuta kidogo hayatalifanya kitu.» Ziwa ni kubwa, ndiyo. Lakini hakuna mama mwenye kuchota maji katikati ya ziwa. Anachota pembeni, palepale gari linapooshwa. Mafuta yanaelea juu ya maji, na bidoni inajazwa kwa kulazwa juu ya maji. Kwa hiyo kinachoingia kwanza ni ule utando wenye kung'aa rangi nyingi kwenye jua.

Wengine wanasema: «Tutatia klorini.» Hapo ndipo watu wengi wanadanganyika. Tangu kipindupindu cha 1994, mji huu umejifunza kutia klorini katika maji ya ziwa, na ni jambo jema sana lisiachwe hata siku moja. Lakini klorini inaua vijidudu tu. Haiondoi esanse, haiondoi mazutu, haiondoi mafuta ya motere yaliyotumika. Kuchemsha pia hakuyatoi. Mtoto wa familia ya wahami anaweza kunywa maji yenye klorini ya kutosha na bado akanywa mafuta ya jeep ya mtu.

Na familia hizo hazikuchagua ziwa kwa kupenda. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu sehemu ya mitambo ya maji ya mji. Kisha vita vikaleta maelfu ya watu kutoka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo. Mwenye kukosa bomba na kukosa pesa za kununua maji, anashuka ziwani. Katiba yetu, kifungu cha 48, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji ya kunywa. Haki hiyo haiwezi kuishia chini ya gari la mwingine.

Sasa tuseme juu ya vijana wenyewe. Hatuwaiti wahalifu. Wanatafuta chakula cha siku, na wengi wao pia ni wahami. Lakini nani anawaambia ukweli kuhusu esanse? Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unalala chini na kujikusanya ndani ya boneti, hata katika baridi ya asubuhi. Cheche moja ya batri, au shofere akiwasha gari haraka, inatosha. Kijana mwenye brashi mkononi ndiye anaungua, na tajiri mwenye gari yuko mbali na simu yake. Mazutu haiwaki upesi kama esanse, lakini ikibaki juu ya bomba la moshi lenye moto inaweza kuwaka, na inaharibu mipira ya motere. Halafu mikono yenye kulowa mafuta kila siku, ngozi inapasuka.

Mwenye gari naye anapoteza. Anataka motere ing'ae, kisha wanapiga maji kwa mashine ya nguvu: maji yanaingia katika alternateri yenye kuchaji batri, katika fyuzi, na katika ordinateri ya gari. Kesho yake gari haliwaki, na lawama inamwangukia kijana.

Njia nzuri ipo, na si ya gharama. Zima gari, acha motere ipoe kabisa. Ondoa waya wa hasi wa batri. Funika kwa sasheti alternateri, mdomo wa chujio la hewa, sanduku la fyuzi na ordinateri. Hakikisha vifuniko vya mafuta vimefungwa. Kwangua kwanza tope na grisi nzito kwa kijiti, uipanguse kwa kitambaa cha zamani. Kisha brashi na maji ya sabuni, sehemu moja baada ya nyingine. Suuza kwa maji kidogo yasiyo na nguvu. Futa, ondoa sasheti, acha boneti wazi mpaka pakauke, ndipo urudishe waya wa batri.

Lakini tusidanganyane: sabuni haimalizi grisi, inaichanganya tu na maji. Kwa hiyo hata kazi hiyo isifanywe ziwani. Ifanywe mbali, juu ya sakafu ya simenti, maji machafu yaelekezwe katika shimo lililojengwa kwa simenti, lenye kuzuia mafuta. Shimo la kuchimba tu halitoshi hapa Goma, kwani mawe yetu ya lava yana nyufa na maji yanapita upesi. Mafuta yaliyomwagika yafunikwe kwa mchanga au unga wa mbao, yakusanywe. Vitambaa vyenye grisi visitupwe ziwani.

Wakubwa wa mji na wa kata, sheria ya maji ya 2015 na ile ya mazingira ya 2011 zipo. Msianze kwa kufukuza vijana na kuwanyang'anya ndoo zao; kesho watarudi, maana njaa hairudi nyuma. Wapeni sehemu moja ya kuoshea yenye simenti, kisha muwatoze faini wenye magari watakaopita hapo na kushuka ziwani, awe wa serikali, wa shirika au mfanyabiashara.

Na ninyi mama na dada wenye kuchota: mkiona utando wa mafuta au mkisikia harufu ya esanse, yale maji msiyanywe wala msiyapikie. Sogeeni mbali na magari, na mtu akiwaambia ziwa ni kubwa, mwombeni anywe yeye kwanza.