TAFAKARI YA JUMA: MAJI YA HARUNI NA MAJI YA PILATO



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaotusoma kila juma, leo tunaanza na swali la mtoto. Baada ya Misa katika kigango kimojawapo, mtumikiaji mdogo aliyekuwa bado ameshika bakuli na kitambaa alituuliza: “Baba Paroko, mbona unanawa na mikono yako ni safi?” Tulimjibu kwa haraka kwamba ndivyo Kanisa linavyoagiza, tukapanda pikipiki, tukaondoka. Kabla hatujafika nyumbani jibu lile lilikuwa limekwisha kututia aibu. Mtoto aliuliza sababu, sisi tukampa amri.

Lipo jibu jingine lililozoeleka, nalo huwapendeza wasomi. Husemwa kwamba hapo kale waamini walileta altareni mazao na mifugo, padre akachafuka, ikambidi anawe. Leo matoleo ni fedha katika bahasha. Basi kunawa ni desturi iliyobaki bila kazi, na padre mwenye haraka aweza kuiruka. Hoja hii tunaikataa. Kwanza, huku kwetu Kilosa na Mikumi mahindi, mikungu ya ndizi na kuku bado huletwa wakati wa matoleo. Pili, na hili ndilo kubwa, Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu aliwafundisha wabatizwa wapya katika karne ya 4 kwamba shemasi humpa kuhani maji si kwa ajili ya uchafu wa mwili, kwa maana hakuna aliyeingia kanisani akiwa mchafu. Ni alama ya kutakaswa dhambi. Jibu limekuwapo zaidi ya miaka 1,600, ila tumeacha kulisoma.

Hata hivyo, mzizi wenyewe uko mbali zaidi. Fungueni Kitabu cha Kutoka, sura ya 29, na Walawi, sura ya 8. Mungu anapoagiza Haruni na wanawe wawekwe wakfu kuwa makuhani, tendo la kwanza analolifanya Musa juu yao ni kuwaosha kwa maji. Mavazi matakatifu hufuata baadaye, na mafuta ya kupaka baada ya mavazi.

Tuyatazame mambo matatu. Kwanza, Haruni hakujiosha. Alioshwa na Musa, mdogo wake kwa umri. Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi. Nasi tunasema kuhani hajitakasi. Pili, hakuoshwa mafichoni. Yalifanyika mlangoni pa hema ya kukutania, mkutano wote umekusanyika, watu wakimwona kuhani wao wa kesho akiwa hana joho wala taji, mtu tu anayehitaji maji. Tatu, aliyekwisha kuoshwa ndiye aliyevikwa. Na katika mavazi hayo, mabegani na kifuani, kulikuwa na vito vilivyochorwa majina ya makabila yote 12 ya Israeli. Si kabila lake peke yake la Lawi, wala si yale yaliyomfurahisha. Haruni alioshwa ili aweze kuwabeba watu wote.

Wala hakuoshwa mara moja yakaisha. Kati ya hema na madhabahu liliwekwa birika la shaba, na makuhani waliamriwa kunawa mikono na miguu kila walipokaribia kuhudumu, wasije wakafa (Kut 30:17-21). Kitabu hichohicho chasema birika lile lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliotumika mlangoni pa hema (Kut 38:8). Kilichokuwa kikiwaonyesha watu nyuso zao kikageuzwa kuwa chombo cha kuwatakasia makuhani.

Sasa tumtazame mtu mwingine aliyenawa mbele ya mkutano. Pontio Pilato naye aliagiza maji, akanawa mbele ya watu wote (Mt 27:24). Tendo ni moja, ila maana zimepingana kama usiku na mchana. Haruni alinawa ili aingie. Pilato alinawa ili atoke. Haruni alinawa ili awabebe watu. Pilato alinawa ili awatupe. Na hapa ndipo tunapotaka kusema bila kumung’unya maneno: mikono mingi inayonawa katika nchi yetu hii, ya mapadre na ya walei, inanawa maji ya Pilato.

Tunao ushahidi. Tarehe 8 Desemba 2000, siku ambayo Kanisa zima liliadhimisha Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, wakulima 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika mapigano baina ya wakulima na wafugaji. Vilio vya aina hiyo vimesikika tena wilayani mwetu katika miaka iliyofuata. Kinachogombaniwa ni ardhi, malisho na maji. Ndiyo, maji yaleyale. Na kila mara tumesikia, hata kutoka vinywani mwa wabatizwa, neno lilelile: “Hayo hayanihusu.” Mkulima husema si yeye aliyeshika fimbo. Mfugaji husema si ng’ombe wake walioingia shambani. Mwenye nafasi ya kuamua, ambaye pengine alikwisha kupokea chochote kutoka pande zote mbili, husema anafuata utaratibu. Na padre husema yeye ni mtu wa altare.

Torati haikuruhusu unawaji wa namna hiyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, maiti ya mtu aliyeuawa ikikutwa kondeni na muuaji hajulikani, wazee na waamuzi walipaswa kutoka, kuupima umbali hadi kila mji, na wazee wa mji ulio karibu kuteremka na mtamba hadi bonde lenye maji yatiririkayo. Huko, makuhani wakiwapo, walinawa mikono na kumwomba Mungu awasamehe watu wake. Nao walitamka kwamba hawakumwaga damu ile. Lakini kwanza walitoka, wakapima, wakasimama karibu na maiti. Nani kati yetu amepima umbali uliopo kati ya nyumba yake na Rudewa?

Mtatuambia kwamba ardhi ni kazi ya Serikali na mahakama, na kwamba padre asijiingize. Tunakubali kwamba padre hapimi mipaka ya vijiji. Lakini kama anapanda altareni akiwa amebeba majina ya wale wanaomletea mahindi tu, akayaacha nje ya wale wanaopita na mifugo, basi huyo amevaa vazi la Haruni akiwa na mikono ya Pilato.

Tuanze na sisi wenyewe tuliopewa Daraja Takatifu. Kabla ya Misale ya 1970, padre aliponawa alisali kwa maneno ya Zaburi ya 26, zaburi ya mtu anayenawa mikono katika usafi wake. Siku hizi anasali kwa maneno ya Zaburi ya 51, toba ya Daudi baada ya kumtwaa mke wa Uria na kumwua mumewe. Tumeondolewa kinywani neno la asiye na hatia, tukawekewa neno la mkosaji. Padre anayeiruka sala hiyo, au anayechovya ncha za vidole huku akiwaza tangazo la mchango, anaikimbia toba yake mwenyewe.

Nanyi walei msikae kando mkitutazama. Ubatizo uliwaosha kabla ya Krisma kuwapaka, nanyi pia ni ukuhani wa kifalme (1 Pet 2:9). Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Watumikiaji walete maji ya kutosha, na tunayamiminiwa mbele ya macho yenu, ili mjue kwamba mchungaji wenu naye huoshwa. Nazo Jumuiya Ndogo Ndogo, kabla ya Dominika ijayo, zitaje kwa majina wale wa upande wa pili ambao hazijawahi kuwaombea, kisha ziwaombee na kwenda kuwasalimu.

Na kwa yule mtumikiaji mdogo, jibu letu ni hili: mwanangu, tunanawa kwa sababu mikono yetu si safi, na kwa sababu tunakwenda kuwabeba watu wote.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele, Amina.