Lugha Kwanza, Safari Baadaye

Mwanafunzi wa biashara nchini Kenya anapojiandaa kwenda Guangzhou kujifunza jinsi Wachina wanavyofanya biashara, huhangaikia pasipoti, viza na nauli. Suala la lugha huliahirisha hadi afike. Hilo ni kosa. Katika Maonyesho ya Canton, ambayo yalianza mwaka wa 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, bei yaweza kutajwa kwa Kiingereza. Bali kiwandani na mezani wenyeji huafikiana kwa Kichina. Asiyekielewa hurejea na vipeperushi, si maarifa.

Wachina walitangulia kujiandaa: Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka wa 1961. Mkenya naye hana udhuru, kwani Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2005.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wasijitenge. Ni wajibu wao kuandaa istilahi za biashara za Kichina na Kiswahili, ili msafiri aweze kumfafanulia mfanyabiashara wa Gikomba alichojifunza. La sivyo, elimu hiyo itabaki mali ya msafiri peke yake. Atakaye cha mvunguni sharti ainame. Na kuinama huko kuanzie darasani, kabla ya tikiti kukatwa.